Majibu Uliyoyaandika kwa Jina Langu

Sekei, Arusha

Mwanangu Waza,

Salamu tumepeana mara nyingi leo, nyingine za kuzugia tu, kwa hiyo sitazirudia hapa. Uko chumba cha pili, nasikia unavyogeuka kitandani, na kama ningekuwa mwanaume wa kusema mambo yake ningegonga mlango, nikakaa kwenye stuli, nikayasema. Nimejaribu baada ya chakula. Nilikuja hadi mlangoni, ukauliza, "Vipi, baba?" nami nikakuuliza kama umepakia sweta. Sweta ulikuwa umelivaa.

Habari za shuka, sabuni, nani wa kumpigia simu ukifika Tabora, na kutonunua vyakula dirishani mwa basi, mama yako amezimaliza na amezirudia. Sina la kuongeza huko. Ninachotaka kukuandikia ni juu ya juzi jioni, ulipokuwa unakunja nguo na mimi nikaja na kishikwambi changu mkononi.

Nilikwambia hivi, na ninayaandika maneno yenyewe nisije nikayapamba: "Mama, huko chuoni mtandao si upo? Basi hizi moduli zangu utakuwa unanifanyia huko huko. Ni vile vile tu, kama ulivyokuwa unafanya hapa." Hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Sawa, baba." Ukaendelea kukunja sketi.

Nikarudi sebuleni nimefurahi. Nataka ujue hilo kwanza, kwamba nilifurahi. Nilikaa, nikawasha redio, nikajiona mtu aliyepanga mambo yake vizuri. Ni baadaye, nilipotoka uani kwenda kufunga kuku, nikakuona kupitia dirishani umekaa kitandani katikati ya nguo, mikono iko magotini, hufanyi kitu. Hukuwa unalia. Ulikaa tu kama mtu aliyeambiwa safari imeahirishwa. Unakwenda kusomea ualimu, safari uliyoingoja kwa hamu, na mimi nilikuwa nimekufungia mzigo wangu juu ya wako. Aibu ilinishika pale pale, na banda sikulifunga, ndiyo maana yule jogoo wa mama yako akaliwa na kicheche. Nilimwambia komeo limelegea. Komeo ni zima.

Ngoja nianze nyuma kidogo, maana mambo haya yalipoanza ulikuwa kidato cha pili na huenda mengine uliyaona kwa macho ya kitoto.

Siku sisi walimu tulipogawiwa vishikwambi nilirudi nyumbani kwa miguu ili watu wanione. Mama yako akatoa kitambaa cha kufuma, kile cha kochi kubwa, tukakifunga kishikwambi kama mtoto mchanga, tukakiweka juu ya kabati karibu na picha ya harusi. Jumapili nikaenda nacho kanisani badala ya Biblia, kwa kuwa niliambiwa Biblia imo humo humo. Mchungaji akataja somo, wenzangu wakafunua, mimi nikapapasa kile kioo hadi kikazima. Nikakaa nimeinamia kioo cheusi mpaka mahubiri yakaisha, najiangalia uso wangu mwenyewe. Tulipotoka, mzee wa kanisa aliyekuwa amekaa jirani yangu akanishika mkono. "Mwalimu, wewe uko mbele," akasema. Nikamwambia tunajitahidi.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Sikumdanganya mtu kwa mdomo. Watu walinidhania najua, nami nikawaachia wadhani.

Shuleni nako ikawa hivyo hivyo. Siku moja niliwakusanya watoto wa darasa la nne waone video ya jinsi mvua inavyotokea. Ofisini nilikuwa nimeijaribu, ikakubali. Darasani ikagoma. Watoto wamenitolea macho, wengine wamepanda juu ya madawati, nami nagusa huku, nagusa kule, jasho linanitoka na nje kuna baridi. Nikasema, "Mtandao umekata." Mtandao haukukata, Waza. Ile video mwenzangu alikuwa ameihifadhi humo ndani, haikuhitaji mtandao wowote. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba nikuoneshe, dada yangu anacho." Nikamwambia akae chini, hivi si vitu vya kuchezea.

Baadaye nikamwinua huyo huyo nikamuuliza saba mara nane. Akasimama, akafikiri, akasema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mtandao umekata." Darasa zima likacheka. Nikamtoa nje. Akasimama kwenye ile baridi inayoshuka kutoka mlimani asubuhi, hana sweta la maana, hadi kipindi kikaisha. Mimi na yeye tulijua kwamba sikumtoa nje kwa sababu ya saba mara nane.

Halafu zikaja moduli. Unazijua kuliko mimi, lakini nizieleze, maana sijawahi kukueleza nilivyoziona. Kila mwalimu alitakiwa ajisomee kwenye kishikwambi kwa wakati wake, somo baada ya somo, na kila moduli ina maswali mwishoni. Ukipita unapata cheti. Ukikosea kinakuandikia "Jaribu tena". Mimi nimewaandikia watoto maneno hayo kwa wino mwekundu miaka yote ya kazi yangu, wala sikuwahi kufikiri kwamba yanauma. Nilijaribu moduli ya kwanza peke yangu, nimejifungia chumbani kama mtu anayekunywa kwa siri. Jaribu tena. Nikajaribu. Jaribu tena. Nikakifunga kwenye kitambaa chake nikakirudisha juu ya kabati, na nikamwambia mama yako kimeisha chaji.

Ndipo nikakuita. Na mwanzoni ulinifundisha kweli, usije ukasahau hilo.

"Baba, usibonyeze. Gusa tu."

"Si ndiyo nagusa."

"Unabonyeza kama unapiga muhuri."

Mama yako alicheka kule jikoni, mimi nikanuna. Lakini hukuwa unacheka. Nikikosea ulikuwa unarudisha pale mwanzo, unaniachia, unasubiri. Na hicho ndicho kilichoniudhi. Ungenicheka ningekugombeza, yakaisha. Ule uvumilivu wako ulinifanya nijione mtoto wa chekechea kwenye kochi langu mwenyewe. Mtu ambaye nimemnunulia mimi kalamu yake ya kwanza ananiambia "jaribu tena, baba, ulikuwa umekaribia". Sikuweza kuvumilia kukaribia.

Jioni moja nikakwambia, "Hebu fanya wewe, nina madaftari ya kusahihisha." Madaftari yalikuwepo ni kweli. Sikuyagusa. Nilitazama taarifa ya habari hadi mwisho, na wewe ukaja ukaniambia, "Tayari, baba, umepita." Umepita. Ndivyo ulivyosema, nami nikaitikia.

Kuanzia hapo ikawa kazi yako kama kazi nyingine za nyumbani. Ukimaliza vyombo unakaa na kishikwambi changu, daftari zako zinasubiri pembeni. Mama yako alishauliza mara moja, "Huyu mtoto anasoma saa ngapi vya kwake?" Nikamwambia hayo hayo ni masomo, yanamwongezea akili. Na pengine yalikuongezea. Lakini sikuwa nimefikiria akili yako niliposema hivyo, nilitaka tu mama yako anyamaze.

Sasa kuna swali moja ulinijia nalo. Nilikuwa nakula.

"Baba, hapa wanauliza, darasani kwako mtoto asipoelewa wewe unafanyaje. Niandike nini?"

"Andika unavyojua."

"Lakini wanakuuliza wewe."

"Waza, andika, muda unakwenda."

Ukaenda ukaandika, ukarudi ukanisomea. Uliandika kwamba mimi humsogelea mtoto, nikamwomba kwa sauti ya chini anioneshe alipokwama. Kwamba simuulizi mbele ya wenzake. Kwamba akikosea mara ya pili najiuliza kwanza mimi nimekosea wapi. Kwamba saa ya mapumziko huacha mlango wa ofisi wazi kwa ajili ya yule anayeona haya kuuliza darasani. Nikasema, "Safi. Tuma."

Mlango wa ofisi yetu hufungwa kwa sababu ya vumbi. Na wewe ulisoma shule ile ile, ulikaa darasani kwangu ulipokuwa la tano, unajua nilivyo mtoto asipoelewa. Uliniona nikimwinua mtu, nikimzungusha, nikimfanya kichekesho. Ulijua yote hayo, ukamwandika mtu mwingine ukampa jina langu. Sijui kama ulikuwa unanitania, au unanionea huruma, au ulikuwa unaniomba. Sikuuliza. Nilikuwa na ugali mdomoni.

Kilichofuata unakijua nusu. Tulikuwa na semina ya walimu wa kata, na afisa aliyekuja kutusimamia akasema anataka kutusomea jibu la mwenzetu mmoja, bila kumtaja kwanza. Akalisoma lile la kwako. Utanicheka, lakini alipokuwa anasoma nilianza kumwonea wivu huyo mwalimu. Nilijisemea, huyu nani, mbona simjui? Kisha akataja jina langu. Walimu wakapiga makofi, nikasimama, nikaweka mkono kifuani. Siku ile ile nikachaguliwa kuwa mwezeshaji, yaani mtu wa kuwafundisha wenzake mambo ya vishikwambi. Mimi. Nilikuletea soda ile jioni, ukaniuliza ya nini, nikasema basi tu.

Kazi ya uwezeshaji, ukitaka kuifanya bila kujua kitu, ni rahisi kuliko unavyofikiri. Unavaa tai. Unasema "kama mnavyofahamu". Unamwachia kijana yeyote mwenye haraka aoneshe, halafu unasema "vizuri sana, mwingine". Tabu inakuja pale mtu anapokuita karibu. Mwalimu Nassoro anayekaa Levolosi unamfahamu, yule wa hisabati shuleni kwetu, mtu mzima, aliyekuwa anakuletea tende mwezi wa Ramadhani. Aliniita katikati ya semina. "Mwezeshaji, hebu njoo unioneshe hapa. Mimi nikigusa kinaniruka." Nikaenda, nikainama, nikatazama. Sikujua. Pale alipokwama yeye mimi sikuwa hata nimewahi kufika. Nikanyooka, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mzee wangu, haya mambo yanataka moyo wa kujifunza."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akavua miwani akaifuta kwa shati. "Kweli, mwezeshaji," akasema. Moduli zake anazifanya mwenyewe mpaka leo, anafeli, anarudia. Katika ofisi ile mimi nimemzidi vyeti, na hakuna hata kimoja nilichokifanya mimi.

Nimezunguka vya kutosha. Nafika kwenye jambo ambalo mimi na wewe hatujalisema hata siku moja.

Ulikuwa kidato cha nne. Nilikuwa nimechelewesha moduli ya mwisho ya mwaka ule, na nikakwambia mwezeshaji akichelewa ni fedheha kwa kata nzima. Uliniambia, "Baba, nina insha ya historia ya kupeleka kesho." Nikakwambia utaiwahi. Umeme ukakatika, ukaendelea kunifanyia kwa mwanga wa kile kioo chenyewe, na mimi nikaenda kulala. Nililala vizuri. Ulipomaliza ya kwangu ukachukua simu ya mama yako, ukaiomba akili mnemba ikuandikie ya kwako.

Mwalimu wako akakuuliza maana ya neno moja katika insha yako mwenyewe, hukulijua. Nikaitwa.

Nilikuja na ile tai. Kulikuwa na mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa historia, na wewe umesimama karibu na dirisha. Mwalimu wa nidhamu akasema, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, tumeona tukuite mwenyewe, maana tunasikia wewe ndiye mwezeshaji wa mambo haya. Ongea na mwanao, atakusikia." Ningeweza kusema nina kikohozi. Ningeweza kusema tutaongea nyumbani. Badala yake nikaongea. Nilisema teknolojia ni msaidizi wa akili, haiwezi kukaa mahali pa akili. Nilisema anayemwachia mwingine afikiri kwa niaba yake anajiibia. Walimu wakawa wanatikisa vichwa kwa kukubali, nami nikanoga. Maneno yale niliyatoa kwenye moduli ya tatu, Waza. Nilikuwa nayajua kwa sababu wewe ulinisomea ulipokuwa unanifanyia.

Nikamalizia hivi: "Huyu mtoto sijui tabia hii kajifunza wapi. Nyumbani kwangu hakuna mambo haya."

Ukanitazama. Mara moja tu, kisha ukatazama viatu vyako. Ulikuwa na sentensi moja ya kusema, na ungeisema ningeaibika pale pale mbele ya watu wa kazi yangu. Nilikuona ukivuta pumzi. Na Mungu anajua kwamba katika dakika ile sikukuhurumia hata kidogo, niliogopa tu usije ukasema. Ukasema, "Nimekosea, mwalimu. Nimekosea, baba."

Wakakuvua uongozi wa taaluma. Wakakupa adhabu ya kufyeka majani nyuma ya maabara, wenzako wanapita wanakuona. Tulirudi nyumbani wewe mbele mimi nyuma, na mama yako alipouliza nikamwambia kesi imeisha vizuri.

Ulijifunza kwangu. Niliuliza mbele ya walimu wako umejifunza wapi, na jibu ni hilo, na nilikuwa nalijua nilipouliza. Tena si kweli hata kwamba tulifanya kosa lile lile. Wewe ulifanya mara moja, ukiwa umechoka kwa kunifanyia mimi. Mimi nilikuwa sijachoka.

Nisamehe. Neno hili nimeshindwa kuliandika juu kule mwanzoni, ndiyo maana limekuja limechelewa hivi.

Tangu juzi nimekuwa nikijiuliza kwa nini nilikikimbia kifaa kile. Nilikuwa nasema ni uzee, macho, vidole vigumu. Lakini Nassoro ana macho mabaya kuliko yangu. Nimefika mahali naona hivi, na unisahihishe kama nimekosea: kishikwambi hakikuwahi kunikosea. Hakikunicheka, hakikumwambia jirani, hakikuniinua mbele ya wenzangu. Kilikuwa kinanipa nafasi ya kukosea pasipo mtu kuona, nafasi ambayo mimi mwenyewe sijawahi kumpa mtoto yeyote darasani, na nikaikataa kwa sababu hata mimi mwenyewe sikutaka kujiona nimekosea. Kuna jambo moja tu hakiliwezi, hakijui ni nani anayekigusa. Ulikigusa wewe, kikaandika jina langu, kikanipongeza. Na mimi nikazipokea zile pongezi, mtu mzima na akili zangu.

Huko unakokwenda utakuta vifaa vizuri kuliko hiki. Hiyo akili mnemba itakuandikia andalio la somo kabla hujamaliza kuuliza. Sikwambii usiitumie, mimi ni nani wa kukwambia. Nitakueleza tu jinsi mtu anavyoishi akishapata cheti cha kitu asichokijua. Sikuwa tena naogopa kile kifaa. Nilikuwa naogopa mkono wa mtu ukinyooshwa. Mtoto akinyoosha mkono nageukia ubao. Mwalimu mwenzangu akisema "samahani, mwezeshaji" natafuta mlango. Mimi ni mwalimu, Waza, kazi yangu ni mikono ya watu inayonyooshwa, na nikawa naichukia. Ukali wangu wa miaka hii ya mwisho, ule mliokuwa mnasema baba amekuwa mkali siku hizi, ulitoka huko.

Leo mchana, ulipokwenda kuwaaga wenzako kule Lemara, nilikwenda nyumbani kwa mwalimu mkuu. Nilimkuta anaanika nguo. Nilimwambia pale pale kwenye kamba: vyeti vyangu vyote vya kishikwambi amevifanya mwanangu, tangu cha kwanza, kwa amri yangu. Nilisema kwa amri yangu, maana baba akishasema "mama, naomba" huyo mtoto hana pa kukataa. Nilidhani atanionea huruma kidogo kwa kuwa nimekuja mwenyewe. Hakunionea. Akashika lile shuka lililolowa, akanitazama.

"Mwalimu, mtoto anaondoka kesho. Si ungenyamaza tu yakaisha?"

"Nimeshindwa, Madam."

"Na mimi sasa umenipa kazi. Nikinyamaza tumekuwa wawili."

Ikawa hivyo. Atamwambia afisa elimu kata. Uwezeshaji umekwisha, hilo halina mjadala, na kama kuna zaidi ya hapo tutaliona. Mama yako nimemweleza tulipokuwa tunakufungia sanduku, wewe ukiwa unaoga. Alikaza kwanza kamba ya sanduku. Kisha akauliza kama na jogoo ni mimi, nikasema ndiyo. Hajanisemesha tangu hapo, ndiyo maana chakula cha jioni kilikuwa kimya vile. Usije ukaondoka ukidhani amekukasirikia wewe.

Kutoka kwa Madam niliteremka hadi Levolosi, kwa Mwalimu Nassoro. Nilikuwa nimebeba kishikwambi chini ya koti. Nilimwomba radhi kwa yale ya semina, na hakusema amenisamehe. Alisema, "Sisi tulijua siku nyingi. Mwezeshaji gani hashiki kifaa?" Basi kumbe nilikuwa nawaficha watu wanaoniona. Nikamwambia sijui kubadilisha neno la siri, naomba anioneshe. Akavaa miwani yake, akanionesha mara moja, akakirudisha kama kilivyokuwa, akaniambia nifanye mimi. Nilibonyeza kama napiga muhuri. Nikakosea, nikarudia, nikakosea, na yeye akasema anakwenda kuswali, nikimaliza nifunge mlango.

Nimelibadilisha. Ukijaribu kuingia kwenye moduli zangu kutoka Tabora kitakukatalia, usidhani kimeharibika. Ile "sawa, baba" ya juzi nakurudishia, haina kazi tena. Mzigo ule si wako, na haukuwa wako tangu ulipokuwa kidato cha pili.

Lakini najijua, na wewe unanijua. Neno la siri si kitu, naweza kukupigia simu nikakutajia. Haitakuwa wiki hii, maana aibu bado ni mbichi. Itakuwa siku nimekwama, nimeambiwa jaribu tena mpaka kichwa kinauma, wenzangu wamekwisha kunipita, na hakuna anayenipigia makofi. Nitakupigia. Nitaanza kwa kuuliza chakula cha chuo. Nitauliza kama kuna baridi, huko Tabora kwenye joto lote lile. Halafu nitakuita mama, nitasema ni swali moja tu, dogo, wala halitakuchukulia muda.

Hapo uniambie, "Hapana, baba."

Hujawahi kuniambia hivyo tangu ulipoanza kusema. Hatukukulea uwe mtoto wa kumwambia baba yake hapana, na nilikuwa nikijisifu kwa hilo kwa watu. Najua litakuwa zito mdomoni. Na mimi sitalipokea vizuri, nisikudanganye. Nitasema umeshakuwa mtu wa chuo sasa, huna haja na sisi. Huenda nikakata simu. Usinipigie kuomba radhi, wala usimtume mama yako aje kunibembeleza. Niache na hasira yangu, nikishatulia nitarudi kwenye lile swali.

Barua hii nitakupa mkononi stendi, usiifungue mbele yangu. Isome mkishatoka mjini. Safari ni ya kutwa nzima na pembeni yako atakaa mtu usiyemjua, kwa hiyo hakuna wa kukushangaa: lifanyie mazoezi lile neno, kimoyomoyo ikibidi, mpaka lizoee. Hapana, baba. Hapana, baba.

Ni mimi baba yako, niko moduli ya kwanza.